Msumari wa Inchi Sita

Nchi ya Haizimi haimo katika ramani yoyote, na wenyewe hushikilia kwamba hilo ni kosa la wachora ramani. Ni nchi tulivu. Watu wake hulipa kodi, hupiga makofi wanapoambiwa, na hawajakatikiwa umeme tangu mwaka ule Serikali ilipopiga marufuku kukatika kwa umeme.

Marufuku yenyewe haikuja hivi hivi. Zamani Haizimi walikuwa na fyuzi kama watu wengine. Mtu akiwasha pasi, jiko na friji kwa pamoja, fyuzi inakatika, nyumba inakuwa giza, mwenye nyumba anasonya, anatafuta mshumaa, mambo yanakwisha. Kisha ikatokea siku Mkuu wa Nchi yuko katikati ya hotuba ya urefu wa saa nne kuhusu neema, fyuzi ya vipaza sauti ikakatika, na wananchi, Mungu awasamehe, wakashangilia. Jioni hiyo hiyo ikatoka Amri. Fyuzi, ilisema Amri, ni kifaa kidogo chenye kiburi kikubwa, kinachoamua chenyewe, bila kupigiwa kura wala kuomba ruhusa, kumnyima raia mwanga. Kila nyumba iing'oe, na mahali pake upachikwe msumari wa inchi sita. Msumari haukatiki, tena una adabu.

Haukupita muda, msumari ukaingia hadi kwenye mila. Siku ya harusi, kabla bibi harusi hajavuka kizingiti cha mumewe, baba yake huletewa msumari kwenye sinia, umefungwa utepe, akaupachika mwenyewe kwenye boksi la umeme la maharusi, na wanawake wakapiga vigelegele. Nyumba ambayo mkwe hakuipachikia msumari ilihesabiwa kuwa ndoa yake bado inaning'inia.

Hapo ndipo alipojikwaa Fundi Mshamu Kilindo. Alikuwa mkaguzi katika Kitengo cha Kuchunguza Hitilafu, mgane, mtu wa maneno machache na kanzu moja nzuri, aliyemlea binti yake wa pekee, Somoe, kwa mikono yake miwili. Siku ya harusi ya Somoe akaletewa sinia. Akautazama msumari, akaurudisha, akatoa mfukoni fyuzi aliyoifunga kwenye leso, na akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni kwamba hawezi kumtilia mwanawe moto ukutani. Vigelegele vikakauka. Bwana harusi, Sefu Ngonde, wakati huo karani katika Wizara ya Mwanga Usiokatika, aliuchukua msumari akaupachika mwenyewe huku machozi ya hasira yanamtoka. Tangu siku hiyo Fundi Mshamu hakualikwa tena kwa mwanawe. Na yeye, kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, asiyekanyaga mlango wa mtu bila kuitwa, hakwenda. Ikapita miaka sita. Somoe alijifungua mtoto wa kike, na babu mtu alizipata habari hizo dukani, akinunua betri za redio.

*

Kazini nako mambo hayakuwa bora. Kitengo kilikuwa na wakaguzi kumi na wanne. Nyumba zilipoanza kuungua, moja huku, mbili kule, walitumwa wote kuchunguza, na wote waliona jambo lile lile, maana halihitaji miwani. Kazi ya fyuzi ni kukatika ili waya upone. Ukiitoa fyuzi, waya ndio unaobaki kukatika, nao hauna adabu ya kukatikia kwenye boksi. Unachagua wenyewe mahali pa kukatikia, ndani ya ukuta, juu ya dari, nyuma ya kitanda cha mtoto.

Wizara haikupenda lugha hiyo. Ikatoa Fomu Namba Tisa, ambayo chini ya maneno "Chanzo cha Hitilafu" ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na kando yake neno moja: Panya. Wakaguzi kumi na watatu waliitazama fomu, wakawatazama watoto wao, wakatia alama. Hawakupata hasara. Wakapandishwa vyeo kuwa Wataalamu wa Panya, wakapewa magari na kofia ngumu. Mshamu peke yake ndiye aliyekuwa akiandika pembeni kwa kalamu yake: si panya. Fomu zake zilirudishwa zikiwa na muhuri wa "Mwandiko Hausomeki."

Akabaki ofisini na meza kumi na nne. Asubuhi anafungua mlango, anasalimia kwa mazoea, hakuna anayeitikia. Chai anajitengenezea mwenyewe, kikombe kimoja. Mtaani ndiyo usiseme, kwa kuwa nyumba yake ndiyo pekee iliyobaki na fyuzi, na kila ilipokatika, majirani walitoka vibarazani kuitazama ile nyumba nyeusi isiyo na uzalendo. Watu walimsalimia, lakini kwa kasi. Alipopita mbele ya nyumba, wenye nyumba walisogea kusimama mbele ya boksi la umeme, mikono nyuma, wanatabasamu. Akazoea kutokaribishwa ndani. Kila Jumapili aliliandikia gazeti la Serikali barua ndefu kueleza hatari ya msumari, na gazeti, kwa ukarimu wake, halikukosa kuichapisha hata wiki moja. Iliwekwa ukurasa wa vichekesho.

*

Kisha ukaungua Ukumbi wa Pongezi. Uliungua mchana kweupe, katikati ya sherehe ya kupongeza miaka kumi bila umeme kukatika. Watu walitoka wote salama, kwa kuwa hotuba ilikuwa ndefu na wengi walikuwa wamekwisha toroka. Mshamu alitumwa kuchunguza.

Alifanya kazi yake kama alivyofundishwa, akianzia kwenye kilichopona na kurudi nyuma kuelekea kilichoungua. Alitembea siku mbili peke yake kwenye majivu, anagusa kuta kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikishika umeme hakiachii. Alikunja vipande vya waya na kuona ganda lake linapukutika kama mkate mkavu, dalili kwamba ulikuwa ukichemka miaka kabla ya kuwaka. Mwisho akalifikia boksi lenyewe. Kila kitu kimeyeyuka, isipokuwa msumari. Msumari ulikuwa mzima, unang'aa.

Waziri wa Mwanga Usiokatika, Mheshimiwa Lugendo Tukusi, aliushika mbele ya waandishi wa habari akauinua juu. Alisema wananchi wajionee kwa macho yao. Ukumbi mzima umeteketea, paa limeanguka, viti elfu mbili vimekuwa majivu, na katika muda wote huo umeme haukukatika hata sekunde moja. Makofi yakapigwa. Mshamu alisimama nyuma ya umati, mikono imejaa masizi, hana wa kumtazama machoni.

Njiani kurudi nyumbani alipita dukani kwa Bi Mwanashangwe, muuza vifaa vya umeme, mama mnene mpenda maongezi ambaye hakuogopa kuongea naye kwa sababu alikuwa mteja. Bi Mwanashangwe akamsifia Somoe. Alisema mwanawe ni mnunuzi wa kuombewa dua, kila wiki balbu sita. Balbu za sebuleni eti zinawaka kama jua la mchana kisha zinapasuka, na za chumbani zimefifia, hata kumvisha mtoto nguo ni kwa kupapasa. Akacheka, akaongeza kwamba Somoe analalamika jikoni kunanuka samaki wa kuoza, na wao kwa cheo cha mumewe hawajala samaki mwaka mzima.

Mshamu alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakuhitaji kuingia nyumba ile ili kujua ugonjwa wake. Taa zikizidi huku na kufifia kule, waya wa kurudishia umeme umeungua mahali. Na harufu ya samaki pasipo samaki ni plastiki ya soketi inayoiva polepole. Kwa hesabu yake, nyumba ya mwanawe ilikuwa na mwezi mmoja, labda miwili.

*

Siku ya tatu akaitwa na Waziri. Huko alikuta zulia, karanga, na ukarimu usio wa kawaida. Kumbe Bunge lilikuwa linataka kuufanya msumari uwe wa milele, kwa sheria, nchi nzima, hadi mahospitalini na mashuleni ambako fyuzi zilikuwa zimebakizwa kwa woga. Sheria ilidai kitu kimoja tu, kithibitisho cha wakaguzi wote wa hitilafu kwamba chanzo pekee cha hitilafu ni panya. Wakaguzi wote, kwa siku hizo, walikuwa Mshamu.

"Sema unachotaka, Fundi," alisema Waziri. "Gari? Nyumba? Ukitaka, tutakuita Mhandisi hata leo."

Mshamu aliyajua mahospitali yale, mengine nyaya zake alizivuta mwenyewe ujanani. Aliwaza wodi, akawaza madawati, akamwaza na mtoto ambaye hajapata kumwona, anayevishwa nguo kwa kupapasa. Roho ikamuuma pande zote mbili, na upande mmoja ukashinda.

"Nataka kualikwa chakula cha mchana kwa mwanangu," alisema.

Waziri alidhani hakusikia vizuri. Alipohakikishiwa, alifurahi, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuwahi kumnunua mtu kwa bei ya wali. Mshamu akatia sahihi. Safari hii mwandiko wake ulisomeka, na hilo lilimsikitisha. Saa hiyo hiyo ukachapwa Waraka wa Mwaliko, wenye nembo, ukimwagiza Bwana Sefu Ngonde, ambaye sasa ni Naibu Msaidizi wa Katibu Mwangazaji, ampokee mkwewe Ijumaa saa saba, kwa furaha.

*

Ijumaa Mshamu alivaa kanzu yake moja. Mfuko wa kulia alitia bisibisi, wa kushoto fyuzi.

Nyumba ya Sefu ilikuwa ya kiofisa, yaani madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili mwanga wa Serikali usichanganyike na wa jua. Ndani taa zilikuwa zikiwaka zote, friji mbili zinanguruma, feni saba zinazunguka. Waziri Tukusi alikuwa amekwisha keti, na kando yake Mtaalamu Mkuu wa Panya, Bwana Chikoti, ambaye zamani meza yake ilikuwa mkabala na ya Mshamu. Sefu alimpa mkwewe mkono wa baridi. Somoe alitoka jikoni, amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu ambazo baba yake hakuzijua. Akamshika baba yake mkono, akasema shikamoo, na Mshamu akasahau kuitikia. Mtoto alijificha nyuma ya kanga ya mama yake akimchungulia mgeni.

Mshamu hakukaa. Aliomba maji ya kunawa, akapita ukumbini, na alipopita akaugusa ukuta nyuma ya kabati kwa mgongo wa mkono. Ulikuwa wa moto kama kikaango. Hakukuwa na mwezi. Pengine hakukuwa na wiki.

Boksi lilikuwa kwenye korido. Alizima swichi kuu, na nyumba nzima ikawa usiku. Vijiko vikaanguka sebuleni. Katika giza lile vidole vyake vilifanya kazi ya miaka arobaini bila kuhitaji macho, vikang'oa msumari, vikapachika fyuzi, vikawasha. Taa ziliwaka kwa muda wa pumzi moja. Fyuzi ikasema pap, ikakatika, kwa sababu ndiyo kazi iliyoumbiwa, na giza likarudi.

Kukatokea kimya ambacho nyumba ile haikupata kukisikia tangu ipachikwe msumari, kimya cha nyumba isiyonguruma. Kisha Sefu akaja na tochi, nyuma yake Waziri na Mtaalamu Mkuu, nyuma yao Somoe na mtoto mgongoni.

"Ni mimi," alisema Mshamu, na akawaonyesha msumari mkononi. "Nyaya zimeungua ukutani. Fyuzi imekatika mara tu nilipowasha. Mkirudisha msumari, nyumba hii itawaka moto. Na zile nyingine pia, Mheshimiwa. Sahihi yangu ni ya uongo."

Waziri hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

"Mtaalamu wa mwisho wa nchi hii," alisema, "amethibitisha juzi, kwa mkono wake, kwamba umeme haukatwi na kitu kingine isipokuwa panya. Wewe ni nani wa kumpinga?"

"Ni mimi huyo huyo."

"Basi jiheshimu."

Hakuna aliyemkamata, kwa kuwa, kwa sahihi yake mwenyewe, umeme hukatwa na panya tu, basi hakukuwa na kosa. Sefu alimpokonya msumari, akashika tochi kwa meno, akaanza kuusukuma mahali pake huku akinung'unika juu ya aibu, na juu ya Ijumaa, na juu ya wakwe. Mshamu alimwomba. Alimwita baba, akamwita bwana, akashika mkono wake. Sefu akamtikisa kama mtu anayejikung'uta vumbi.

Ndipo Somoe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba amemwona panya.

Wote wakageuka. Sefu akamuuliza wapi. Nyuma ya kabati, alisema Somoe, mkubwa, ameingia ukutani, na sasa hivi amemsikia akitembea kuelekea humo humo kwenye boksi. Mume wake akamtazama, na Somoe akamtazama mumewe, bila kupepesa.

Bwana Chikoti alishusha pumzi. Kwa miaka sita alikuwa Mtaalamu Mkuu wa Panya na hakupata kuletewa shahidi. Akatoa kitabu cha Kanuni, akasoma kwa mwanga wa tochi kwamba palipoonekana panya, boksi la umeme haliguswi na mkono wa binadamu, wala kwa msumari wala kwa fyuzi, mpaka Tume ya Panya ifike na kumhoji. Sefu akauliza, msumari ungali mkononi, Tume itafika lini. Chikoti akajibu kwa fahari kwamba Tume ni makini, na kwa sasa iko wilaya ya kaskazini inashughulikia panya wa mwaka juzi. Mpaka hapo wenye nyumba wataishi humo gizani, na mbao za madirisha zitolewe ili panya aonekane. Wageni watoke, na asiingie mtu, hata ndugu. Waziri alikwisha tafuta viatu vyake.

Mshamu aliegemea ukuta wa baridi, ule wa upande wa pili. Mwanawe angelala salama usiku huo, na kesho yake, na mwaka mzima, na pengine miwili.

*

Somoe alimsindikiza hadi getini. Jua lilikuwa kali, na mtoto mgongoni alifumba macho, hakulizoea. Karani wa Tume, aliyebaki mjini na kuitwa haraka, alikuwa anahangaika na utepe wa kuzungushia nyumba.

"Ulijua?" Mshamu aliuliza.

"Ule ukuta unaunguza, baba. Kitanda cha mtoto tumekivuta katikati ya chumba tangu Ramadhani. Sefu kila nikimwambia anasema ni joto la msimu."

"Mbona hukuniita?"

Somoe akamuuliza yeye mwaliko ule aliupataje, maana Sefu alikuja nao nyumbani amepauka. Mshamu akamweleza, hakuficha kitu. Alimwambia habari za sahihi, na za mahospitali, na za mashule.

"Kila Jumapili nanunua lile gazeti," alisema Somoe. "Nasoma barua yako, watu wanacheka, mimi nalia. Unawaandikia nchi nzima. Kwangu ni mwendo wa robo saa."

"Sikualikwa, mama."

"Mimi mwanao. Baba anaalikwa?" Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Umewauza watoto wa watu upate kuja kula kwangu, na mlango haukufungwa, baba. Miaka yote sita haukufungwa hata siku moja."

Mshamu alinyoosha mkono amguse mtoto kichwani, na mtoto, asiyemjua, akageuzia uso upande wa pili. Karani akafika na utepe wake, akapita katikati yao, akaufunga kwenye nguzo ya geti kwa fundo la Serikali. Kisha akamwomba mzee, kwa adabu, arudi nyuma hatua tatu, naye akarudi.